Karamu ya Bure Pale Igogo

Igogo, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Natumaini umeacha kukusumbua, na nyumbani wote mko salama. Mimi ni mzima, na kazini bado nipo. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua jirani yetu Mama Nyangeta amerudi huko Majita na habari kwamba nimefukuzwa redioni. Sijafukuzwa, Mama. Ila ilibaki padogo sana, na yeye mwenyewe alikuwepo, kashika sahani.

Ilikuwa hivi. Redio yetu ni ya mtu binafsi, haina fungu la serikali kama ile ya taifa ya zamani. Inaishi kwa matangazo. Siku hizi kila mwenye duka anataka kusikika hewani, wa mitumba, wa vipuri vya baiskeli, hata wa sumu ya panya. Mimi nilikuwa kwenye majaribio, nasoma matangazo hayo baada ya taarifa ya habari. Basi Mzee Masanja, anayeuza vifaa vya shule hapa Igogo, akaleta lake: Jumamosi, kila mzazi atakayefika dukani na mtoto wake atapewa kalamu ya bure.

Unaujua ulimi wangu. Kwenye karatasi sikosei, lakini nikifungua mdomo Kijita kinatangulia. Nikalisoma kwa mbwembwe zangu zote, asubuhi na jioni: karamu ya bure!

Jumamosi watu wakafurika. Wengine wametoka Magu, wengine wamevuka na kivuko kutoka Sengerema, watoto wamevalishwa nguo za kanisani. Mzee Masanja akiwapa kalamu, wanapokea, wanashukuru, kisha wanakaa chini kusubiri chakula. Nilipofika pale na mkuu wangu wa kazi, nilitamani ardhi inimeze.

"Huyu hafai," mkuu akasema mbele za watu. "Redio ni mdomo. Mwenye mdomo kama huu akalime."

Nilikufikiria wewe, unavyowaambia wenzako wa kwaya kwamba mwanao anasikika. Machozi yalinitoka, sikufichi.

Mkuu akanipa kipaza sauti cha gari letu la matangazo, niombe radhi kabla sijaondoka. Nikasema, "Ndugu zangu, tusameheane. Si karamu, ni karamu." Watu wakaangua kicheko. Nikajaribu tena, ikatoka ileile. Mwishowe nikachukua kalamu moja nikainyanyua juu, waione kwa macho.

Hapo ndipo alipoinuka bibi mmoja aliyevuka kutoka Sengerema na wajukuu. Akamfuata mkuu, akamwambia, "Baba, mimi sikuvuka kwa sababu ya wari. Redio yenu kira siku nasikia wageni tu. Safari hii nirisikia mtoto wa kwetu anaita. Ndiyo nikaja. Sasa mkimfukuza, nani atatuita?"

Mzee Masanja, ambaye muda wote alikuwa kanuna, akaanza kucheka mpaka akaegemea mlango. Akawaita mama lishe wa jirani wapakue walichonacho, na akasema matangazo yake hayasomi mwingine ila mimi.

Jumatatu mkuu akaniita ofisini. Nimeajiriwa, Mama! Ameniambia tu neno lolote litakalonitega nilibadilishe kabla ya kwenda hewani. Kalamu sasa naiita peni.

Nisalimie baba mdogo na wavuvi wenzake, shangazi anayekuangalia mguu, na mdogo wangu anayekusomea barua hii, asiruke mistari. Mama Nyangeta naye mwambie namsalimu, nilimwona akiongezewa maharage.

Tangu nianze kazi hii nilijikataza kusema Kijita, hata na watu wetu ninaokutana nao mwaloni kunakoshushwa samaki, nikidhani ulimi utanyooka. Nimeacha upuuzi huo. Nikija likizo tutakiongea wewe na mimi, mpaka uniombe ninyamaze.

Mwanao akupendaye,
Magesa