Waliofungua Mkebe Wako Kabla Yangu

Baba Zuhura, mwanao kapita! Kaingia Nyuzilandi, pasipoti kagongewa muhuri, na mtu wa serikali ya huko kamwoshea viatu! Viatu, mume wangu. Mtoto wa Kariakoo, wa kwako wewe muuza viungo, kasimama na soksi anasubiri kuoshewa viatu kama binti wa sultani.

Haya, sasa nikusalimie. Assalamu alaikum huko uliko, Mungu alitie nuru kaburi lako. Sisi wazima. Kinachonisumbua ni goti, na wewe.

Utauliza kaenda kufanya nini. Unawakumbuka wale wazee wa Kizungu waliokuwa wanakaa Upanga, bibi na bwana, wananunua mdalasini kidogo halafu wanapiga soga na wewe mpaka adhuhuri? Ndio hao. Walisharudi kwao, sasa wanasafiri kwenda kuona wajukuu, na nyumba ina bustani na paka wawili. Wakasema hawana wanayemwamini kama Zuhura akae humo mpaka warudi, wakamshughulikia na kibali cha kazi hiyo. Jirani yetu Bi Tatu aliposikia alishika kiuno pale uani.

"Mama Zuhura, mtoto kasoma mpaka chuo, leo anapanda ndege kwenda kulinda paka?"

"Paka wa huko wana daktari wao, shoga. Wako hata jina hana."

Alicheka mpaka akakalia ndoo.

Begi nilifunga mimi, unanijua. Asali ya Tabora, ubuyu, ndimu nilizoanika mwenyewe, mbegu za mchicha apande kwenye hiyo bustani. Na chini kabisa, umeviringishwa kwenye kanga, mkebe wako mmoja wa bizari, ule wa kwake.

Ile uliyokaanga uani kabla hujashindwa kuinuka kitandani. Uliisaga mwenyewe, ukajaza mikebe miwili, ukaizungushia selotepu. Ukasema, "Huu wa pilau ya Idi. Huu wa siku Zuhura akiolewa." Idi ikaja, wewe hupo. Sikuufungua, watu wakala wali wa nazi. Tangu hapo kila nikifuta vumbi naushika, nautikisa, naurudisha juu ya kabati. Naogopa, baba Zuhura. Shati lako nililinusa mpaka likaisha, sasa linanuka kabati tu. Na mkebe nikiufungua nikakuta harufu imekwenda, nitabaki na nini cha mkono wako?

Sasa sikia. Zuhura kanitumia sauti kwenye simu, ndefu, nimeisikiliza mpaka chaji ikaisha. Anasema kwanza ni dirisha la pasipoti: umekuja kufanya nini, utakaa kwa nani, utaondoka lini. Kajibu kimoja kimoja, hakubabaika. Mbele kuna meza nyingine. Hao kazi yao kuzuia wadudu na mbegu na udongo wa nchi za watu, na wana mbwa anayenusa mabegi.

Mwanao hakumsubiri mbwa. Unakumbuka mteja akisita mbele ya gunia? Ulikuwa unalifungua mshono wa chini, karafuu zinamwagika kwenye ungo. "Anzia chini, dada. Juu kila mtu anapamba." Naye Zuhura kwenye kigoda pembeni yako, na sare ya shule, anatikisa kichwa kama yeye ndiye mwenye genge. Basi pale mezani kalipindua begi lote. Kawaambia, "Anzieni chini. Na viatu vyangu vina tope, nilikatiza Mnazi Mmoja mvua imetoka kunyesha."

Asali wakaichukua. Ubuyu, ndimu, mbegu, vyote pipani. Ile asali imeniuma, sikufichi. Kisha yule bwana akaushika mkebe.

"Hii nini?"

"Bizari. Kaisaga baba yangu."

"Ilikaangwa?"

"Ikakaangwa, ikasagwa. Baba mwenyewe hayupo tena."

Akaivuta selotepu yako.

Hapo nilizima simu. Nikaenda kuanua nguo, na wala hazijakauka. Mtu baki, mikono kaivalia glavu, kafungua kile ambacho mimi mkeo sijathubutu. Nikasimama na shuka mbichi begani, nikaona kama umekufa tena.

Nikarudi, nikaiwasha. Anasema yule bwana kainamisha pua. Kamwita mwenzake, naye kanusa. Wakamwambia kitu kilichokaangwa na kusagwa hivi hakiwezi kuota, chukua. Wakafunga kifuniko taratibu, ndipo wakaenda kuosha vile viatu.

"Mama," anasema, "nililia pale pale na soksi zangu. Harufu ipo. Kama yuko uani."

Ipo, baba Zuhura!

Sasa yuko kwenye hiyo nyumba kubwa, kimya, anasema hakuna hata mkokoteni unaopita. Paka wanamfuata jikoni. Bizari hajaigusa. Kasema hatapika mpaka mama yake apike, tupike siku moja, yeye kule mimi huku, na mimi nimekubali. Wa kwangu bado uko juu ya kabati na selotepu yako. Peke yangu siwezi kuufungua. Nitaufungua sufuria likiwa motoni, uani pamejaa watu, Bi Tatu kashika mwiko, Zuhura kwenye simu na wa kwake. Ukitoka, utukute wote.

Nimeshawaambia ndugu zako, wateja wako, wapagazi wa mtaa mzima. Lala salama, mume wangu. Hitima yako ni Ijumaa hii, wanaume wakitoka msikitini, wote uani kwetu.

Mkeo,
Mama Zuhura