Nywele za Mzazi

Ng'ambo, Tabora
3 Machi 1952

Kwako baba Ambrosi,

Mwanao ametimiza miezi miwili, hajambo. Mimi nilikuwa nanuka. Mama yako alikuwa akinipaka samli iliyochacha kichwani, eti mzazi hanyoi wala haoshi nywele mpaka baba wa mtoto arudi. Juzi nzi walitoka kichwani mwangu wakatua mdomoni mwa mtoto. Nilitapika, kisha nikachukua wembe.

Sasa kazi ni ndogo: maji, sabuni, tone la mafuta ya karanga, naendelea kunyonyesha.

Majirani wakiuona upara huuliza nimefiwa na nani. Jana rafiki yako Anselm alirudi kutoka Tanga, akanieleza habari za mke wako wa huko mkongeni. Tangu hapo wakinipa pole, naipokea.

Ni mimi mjane wako,
Apolinaria