Skrini Aliyoipanga Baba

Dagoretti Corner, 3 Juni 2024

Rachael mwanangu,
Habari ya huko Doha? Unakula vizuri? Mimi nipo, ni magoti tu yanauma na hii baridi.
Simu yangu ilikufa, sasa natumia ya marehemu baba yako. Nataka tuonane kwa video. Hukuweza kuja mazishi, na tangu hapo sijaona uso wako. Lakini hiyo WhatsApp siioni. Mbele ya skrini kumejaa vitu vya mzee: mpira, nyimbo za kanisa, tochi. Najua tu hapa pa kuandika meseji.
Nyumba imenyamaza sana. Redio naiwasha hata nikienda kuoga.
Mamako

Doha, 5 Juni

Mama mpendwa,
Pole na magoti. Mimi mzima, kazi ya hoteli ni ile ile.
WhatsApp ipo, imejificha tu. Weka kidole chini ya skrini, telezesha kwenda juu, apu zote zitatokea. Ukiiona, ishikilie bila kuachilia, uivute mpaka mbele. Nafasi ikikosekana, ondoa zile za baba. Kuondoa mbele si kufuta, usiogope.
Tunaishi wanne chumba kimoja, lakini kila mtu na simu yake. Tunaongea tu ya zamu ya kufua.
Bintiyo

Dagoretti Corner, 9 Juni

Binti yangu,
Salamu nyingi. Leo nikitoka kanisa nilijaribu. Nimetoa mpira, nimetoa tochi. Ilikuwa kama siku ile nilikunja nguo za mzee baada ya mazishi.
Sasa kuna moja yenye picha ya jua na wingu, mzee aliiweka juu kabisa. Inasema digrii arobaini na moja, na hapa Corner tumevaa sweta! Nikampelekea Kui wa duka la chini.
"Mama Rachael, hii si Nairobi," akasema. "Ni Doha."
"Basi imeharibika."
"Haijaharibika. Kuna mtu aliichagua."
Rachael, unajua vile mzee alikataa usiende. Ukipiga, alinipa simu akatoka nje. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda mjini River Road, kwa kazi yake ya kuchapisha kadi, alikuwa anaangalia simu, halafu anasema, "Leo jua ni kali." Namjibu, "Jua gani na baridi hii?" Nilidhani ni uzee.
Niitoe?
Mamako

Dagoretti Corner, 16 Juni

Rachael,
U mzima kweli? Hujajibu. Kama nimekuumiza, nisamehe. Sijaigusa.
Mamako

Doha, 2 Julai

Mama,
Mimi mzima, usihofu. Meseji yako niliisomea stoo ya mashuka. Nilikaa chini mpaka msimamizi akaja kunitafuta. Nilimwambia ni joto.
Nimeandika jibu mara nyingi nikafuta. Nilimkasirikia baba miaka yote hii, na sasa hata hasira yenyewe sina pa kuipeleka. Hapa hakuna mtu ananiuliza kama kuna jua.
Usiitoe.
WhatsApp umeiweka mbele? Nipigie Jumapili.
Bintiyo

Dagoretti Corner, 7 Julai

Rachael,
Umeshindaje? Nimepiga. Imelia mpaka ikakatika. Nimejiona mimi peke yangu kwa skrini, na kitambaa changu cha kanisa. Sikujua nimekonda hivi.
Labda uko kazini. Basi.
Mamako

Doha, 7 Julai

Mama, nilikuwa kwa lifti, mtandao ulipotea. Usiweke simu chini! Napiga saa hii. Ikilia, telezesha ile alama ya kijani.
Utanikuta nalia, usishtuke.
Bintiyo