Dele, Vikombe na Nyutrino ya Nne

Thuwaiba, mwanangu,

Tangu juzi sikai nikatulia. Nikiwa ukumbini naona bora chumbani, nikiingia chumbani natoka. Mama yako kanambia, "Bwana, kaa basi, utalichakaza zulia!" Hakujua kilichonizungusha. Mwenzako wa maabara alikuwa amenipigia simu, yule mliyekuwa mkipokezana zamu karibu na kinu cha nyuklia. Alisema kwa upole kwamba hesabu zimekamilika, na ile nyutrino ya nne, chembe ndogo mno mliyokuwa mkiitafuta juu ya zile aina tatu zinazojulikana, haikuonekana.

Nikamshukuru. Simu ilipokatika nikaingiwa na khofu, na niliyemwogopa ni mama yako.

Hukuwapo, kwa hivyo nikueleze. Siku za msiba wako, tulipokwisha kukuzika hapa Sib, shangazi zako walimuuliza ulikuwa ukifanya nini kule kwenye baridi miaka yote ile. Akawajibu, "Mwanangu kavumbua kitu ambacho hakuna aliyepata kukiona." Kavumbua! Nani angemkatiza siku ile? Tangu hapo neno hilo ndilo alilolishikilia. Kila anayekuja kumpa pole huondoka nalo.

Mimi nimesomesha fizikia mpaka nikastaafu, lakini jambo hili ulinifundisha wewe, kwa dele la kahawa la mama yako. Ulisema kinu kinamwaga nyutrino kama dele linavyomwaga kahawa. Kwa hesabu tunajua dele linajaza vikombe vingapi, lakini vilivyowafikia wageni vimepungua kidogo. Basi ama baadhi ya nyutrino zimegeuka njiani zikawa za aina isiyogusana na chombo chochote, zile mnazoziita tasa, ndiyo hiyo aina ya nne, ama sisi tumekosea kipimo cha dele. Kisha ukavipanga vikombe, vingine karibu, vingine mbali.

"Baba, hapa hatulitegemei tena dele," ukasema. "Tunalinganisha vikombe vya karibu na vya mbali. Kama zinageuka njiani, tofauti itajitokeza."

Mama yako akapita akakutazama. "Ukishamaliza kuvichezea vyombo vyangu, vioshe."

Na wewe ulikuwa hutikisi kikombe. Kila mgeni akitosheka hukitikisa kidogo, na anayemimina akaacha. Wewe ulikinyoosha tena na tena, mama yako akamimina huku akinung'unika, "Huyu usiku hatolala, na mimi atanikesheza."

Jana baada ya sala ya alasiri sikuweza tena. Nikamwita, nikavipanga vikombe kama ulivyovipanga wewe. Nikamweleza taratibu, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa akikitazama kikombe cha mbali tu.

"Kwa hivyo hakupata?"

"Hakupata. Walitafuta pale walipodhani ipo, na pale haipo. Sasa watu wengi wanaona kosa lilikuwa kwenye kipimo cha dele."

Akalia, mwanangu, sikufichi. Alilia kama siku ile ulipoletwa nyumbani. Nikajilaumu, nikasema moyoni, mzee wewe, kwani kulikuwa na haja gani? Ungemwachia neno lake moja.

Kisha akajifuta uso kwa mtandio, akachukua simu, akampigia shangazi yako wa Al Amerat. Nilisimama mlangoni, sijui nikae au nitoke.

"Nilikwambia mwanangu kavumbua," akasema. "Sivyo. Kaangalia karibu, kaangalia mbali, hakukiona, na wenzake wamesema hawakukiona. Eeh. We unamjua mtu anayetafuta kitu miaka yote hiyo, halafu asidanganye kwamba kakipata? Basi huyo ni wangu."

Sauti ilikuwa ile ile ya majivuno, Thuwaiba. Alipomaliza akaanza na shangazi mwengine.

Bado sijatulia. Mwenzako anasema si pembe zote zilizochunguzwa, wapo wanaotafuta kwa njia nyengine, na mimi kila simu ikilia nadhani ni yeye. Asubuhi hii mama yako kanimiminia kahawa. Nilipotosheka nikataka kukitikisa kikombe, mkono ukasita. Nikamnyooshea tena. Akanitazama, akamimina, hakunung'unika.

Pumzika, mwanangu, Mungu akupe nuru huko uliko. Nnakuahidi kwamba kila khabari ya kazi yako itakayonifikia, iwe ya kuona au ya kutoona, ntampelekea mama yako kama ilivyo. Na hivi vikombe nimevipanga mwenyewe, basi naenda kuviosha.

Baba yako