Mstari wa Rangi ya Kucha kwenye Skrubu ya Turbo

Nyuma ya Soko,
Kilwa Masoko.
9 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba Nikodemu,

Shikamoo. Za Mbeya na baridi yake? Mguu ulioangukiwa na jeki umepona, au bado unachechemea? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama kikohozi kimemwacha. Bibi yuko Njinjo, anasema korosho za mwanzo zimeanza kuanguka na wa kumwokotea hayupo.

Utashangaa kuletewa karatasi na kondakta wa basi wakati simu ipo. Unanijua, Mjomba. Kwenye simu nasema "eeh" na "sawa", basi. Na jambo hili lina hasira nyingi, eeh na sawa hazilitoshi.

Kaka Josephat alifukuzwa gereji Alhamisi iliyopita. Alifukuzwa mbele za watu, kwa kosa ambalo si lake.

Rehani, yule mwenye Subaru ya turbo, alitaka gari iongezwe nguvu. Josephat akaifungia ile geji ya kupima hewa na mafuta uliyotutumia, mimi nikamsomea maelekezo ya Kiingereza kisha nikakaa kiti cha mbele kumtajia namba. Gari ikisimama inanguruma tu, hewa sehemu kumi na nne na kitu kwa moja ya mafuta. Turbo ikisukuma hewa ndani ya injini, lazima mafuta yaongezeke, namba ishuke hadi kumi na moja na nusu hivi, la sivyo pistoni zinaungua. Kaka alishinda na laptop siku mbili akiongeza mafuta kidogo kidogo. Mwisho akasema pampu imefika mwisho wake, haina zaidi ya kutoa, kwa hiyo presha ya turbo isizidi pale. Akaniomba rangi yangu ya kucha, ile nyekundu. Nikachora mstari mmoja kutoka kwenye kichwa cha skrubu ya presha hadi kwenye kitako chake, ili ikiguswa tu ijulikane.

Mjomba, sasa nakuungamia, maana hata Padri sijamwambia.

Jumatano mchana Josephat alikwenda kula. Geji yetu tulishaiondoa. Rehani akaja, kesho yake alikuwa anampeleka bibi harusi Lindi na alitaka msafara wote umsikie. Akafungua boneti. "Mdogo wangu, hebu nipe hiyo bisibisi. Kaka yako fundi mzuri, ila mwoga kama kuku wa kizungu." Nikampa. Mimi, kwa mkono wangu! Nilimwona akizungusha, nikajua kabisa kuwa hewa inaongezeka na mafuta yako palepale. Nikaangalia chini. Hata Josephat aliporudi sikumwambia.

Gari ilikufa karibu na Mchinga. Pistoni mbili zimetoboka. Bibi harusi na shela lake akapandishwa kwenye lori la saruji.

Jioni ile Rehani akavutwa kwa kamba hadi gereji, anabwata: "Hawa mafundi wa laptop! Wanacheza gemu kwenye magari ya watu!" Na wale wakaa benchi wa pale gereji, ambao hawajui hata turbo inazungushwa na nini, wanaitikia kama kwaya. Kaka akasema, "Angalieni skrubu." Wakamcheka. Mzee Mfaume, mwenye gereji, aliyekula jasho la Josephat miaka minne, hata kuinama hakuinama! Akamwambia kusanya vifaa vyako. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, Mjomba, mdomo umefungwa.

Siku tatu sikulala vizuri. Rehani ananikera, wale wa benchi wananikera, lakini aliyenikera kupita wote ni mimi.

Jana Jumapili, baada ya misa, nilimwambia Josephat yote. Hakunipiga wala hakufoka. Aliuliza tu, "Bisibisi ulimpa wewe?" Kisha akatoka nje, na chakula hakula.

Leo asubuhi nikaenda gereji peke yangu. Gari bado ipo, na Rehani mwenyewe yupo. "Mzee Mfaume, shikamoo. Naomba ufungue boneti." Rehani akacheka, "Aah, huyu naye! Binti, nenda shule." Nikaweka kichupa changu cha rangi juu ya taa ya gari. Nikasema mstari niliuchora mimi, bisibisi nilimpa mimi, na aliyezungusha ni huyu hapa.

Mzee Mfaume safari hii alifungua boneti, akainama. Nusu ya mstari ilikuwa kwenye kitako, nusu nyingine imegeukia upande wa betri. Akasema, "Rehani, funguo zako hizi. Tafuta gereji nyingine." Kwangu akasema tu, "Mwambie kaka yako kesho saa moja." Samahani hakuitamka, na hilo bado linanichoma. Kumfukuza alipaza sauti, kumrudisha ananong'ona!

Josephat nilipomwambia aliendelea kufuta vifaa vyake. Nikafikiri hatanisamehe. Jioni hii nikiwa nakuandikia, amepita nyuma yangu, akasimama. "Kesho kuna gari nyingine ya turbo. Njoo ukitoka shule. Beba rangi yako. Na namba ikipanda, Lightness, piga kelele."

Msalimie Mama Petro, na Petro mwenyewe mwambie daftari langu la fizikia nalihitaji. Mama anakusalimu sana. Mungu awakinge na ajali, aubariki na mkono wako wa kazi.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Lightness