Njano Kwenye Karatasi Nyeupe

Jumatatu, 10 Juni 2013
Bosi Wekesa amerudi Kakuma kutoka Lodwar na wazo. Yeye akipata wazo, sisi wakimbizi tunaofanya kazi ofisini ndio tunaolitolea jasho. Anataka kila tarehe mpya ya mahojiano ya kuhamia ng'ambo ijiandike yenyewe kwa njano kwenye programu ya kalenda. Kioo cha kompyuta yake ni cheusi — njano inamfurahisha. Nikauliza, na kwenye karatasi je? Akasema, Magloire, weka tu, hapa si shule uliyokuwa unafundisha Uvira. Basi. Mipangilio, rangi ya maandishi, njano, hifadhi. Dakika mbili. Tarehe za zamani zimebaki nyeusi.

Jumatano, 12 Juni
Nimechapisha orodha, nimeibandika kwenye ubao wa matangazo. Nikatafuta namba yangu. Ipo — Jumanne tarehe 25, nyeusi tii! Miaka sita nangoja. Nyingine sikusoma.

Jumanne, 18 Juni
Watu saba hawakufika kwenye mahojiano. Wekesa anafoka kwamba hawa watu hawajali. Mmoja ni Mama Spéciose, Mrundi, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Yeye akose? Nimekwenda ubaoni. Printa yetu ina wino mweusi tu. Ile njano imetoka rangi ya vumbi, na juani huoni kitu. Mistari saba kama mitupu. Na nimeibandika mwenyewe, kwa mikono hii.

Alhamisi, 20 Juni
Nimemwambia Wekesa. Eti aliyebadilisha rangi ni mimi, kompyuta inaonyesha jina langu. Halafu akalainika: nitie sahihi tu kwamba orodha ilisomeka, na mahojiano yangu hayataguswa. Faili saba zifungwe Jumatatu — "hakufika". Mshenzi. Karatasi ya kusaini nimeichukua. Ndiyo, nimeichukua.

Jumapili, 23 Juni
Mama Spéciose amekuja baada ya ibada. Anasema alipita ubaoni kila asubuhi, labda macho yake yamezeeka. Anajilaumu yeye! Tarehe yangu aliiona vizuri, anasema, Mungu amenikumbuka. Jumanne atanisindikiza mpaka getini, aniombee kabla sijaingia. Nimesema aksanti, mama. Najichukia. Kesho Wekesa anataka karatasi yake, na bado sijasaini. Mama hajaondoka. Yuko hapo nje na Biblia mapajani — anauliza Jumanne tutoke saa ngapi.