Karatasi ya Rufaa Niliyokataa Kuisaini

Kwako mkwe wangu, Mama Neema,

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Darasa langu la nne linatosha kukugombeza.

Umeniudhi. Miaka tisa unaniita mama, halafu siku ya kwenda mahakamani hukupita hata hapa Mfaranyaki kuniambia. Nilisikia sokoni, nimeshika fungu la dagaa, kwamba hakimu amemkataza Kastori kukanyaga nyumba yenu ya Mshangano na kukusogelea wewe na watoto. Mwanangu wa kumzaa! Sasa yuko kwangu, chumba cha mbele, viatu kila mahali. Na kwa kuwa yuko kwangu, wajukuu zangu hawaji. Huyo hakimu alinifikiria mimi?

Amekata rufaa. Juzi kaja na karatasi, eti nitie sahihi iambatane na rufaa yake, kwamba mimi mama yake sijawahi kukuona na jeraha.

"Mama, saini tu. Amri ikifutwa, Neema na mdogo wake watarudi kula kwako."

Nikavaa miwani. Nikasoma taratibu. Nikakukumbuka.

Unakumbuka siku ile tunatwanga mahindi, mchi ukakushinda kuinua? Ukasema, "Nimeteleza kisimani, mama." Nikakuuliza, "Kisima gani hicho chenye vidole vitano?" Ukacheka huku machozi yanakutoka, nami nikacheka. Halafu nikafanya nini? Nikakamata kuku, nikamfunga miguu, nikakurudisha naye kwa mumeo. "Kampikie. Firigisi mpe yeye, atatulia." Ndivyo mama mkwe wangu alivyonifanyia mimi, nikajiona mjuzi. Mara tatu nimekupa kuku, Mama Neema. Mpaka yule jogoo mwekundu nimpendaye.

Kwa hiyo ungepita kwangu kabla ya mahakamani, ningekupa wa nne. Hilo nimeligundua nikiwa na kalamu mkononi, na limeniuma kuliko kosa lako.

Karatasi nimeikataa. Kastori kaniuliza, "Hivi wewe ni mama wa nani?" Nikamjibu, "Wako. Ndiyo maana naijua mikono yako." Leo siku ya pili hasemi nami. Ugali wangu anakula, shikamoo hatoi. Rufaa anaendelea nayo. Atashinda, atashindwa, mambo ya mahakama siyajui. Ninachojua, sahihi yangu haimo.

Lakini usidhani nimekusamehe kunipita. Jumapili baada ya misa nakuja na bodaboda, peke yangu, kukufokea hapo hapo mlangoni kwako. Mimi hakuna amri iliyonikataza. Bandika maji, nakuja na kuku. Paja la Neema, paja la mdogo wake. Firigisi utakula wewe, nikikuangalia mpaka umeze.

Ni mimi mama mkwe wako, bado nimekasirika,
Bibi yake Neema.